Kopo la Majivu Katika Mfuko wa Koti Jeupe

Mama yangu hana alama za vidole. Alikuwa nazo alipokuwa msichana, lakini miaka ya kubangua korosho imezila. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza, na mbanguaji hata ajihadhari vipi, yatampata kidogo kidogo. Ngozi ya ncha za vidole hubabuka, ikaota nyingine, nayo ikababuka, mpaka siku moja inaota bila mistari. Tulipokwenda kusajili laini yake ya simu pale Newala, wakala alimshika mkono akabonyeza kidole kimoja kimoja kwenye kimashine chake, vyote kumi, na kila mara taa ilikuwa nyekundu. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Weka chako basi, tumalize."

Nikaweka. Taa ikawa kijani. Tangu siku hiyo laini ya mama iko kwa jina langu, na yeye hupenda kuniambia, "Usije ukafa wewe, simu yangu itakufa na wewe."

Kila nikijaribu kueleza yaliyonipata naanzia mahali pasipofaa. Naanzia kwa mtahini, au kwa picha, au kwa yule dada wa steshenari kule Masasi. Nadhani mahali panapofaa ni vidole.

Kwa miaka miwili ya shahada ya uzamili huko Dar es Salaam nilisoma mashine moja ndogo sana. Ndani ya kila kiumbe hai kuna nyuzi za RNA, ambazo ni maagizo: tengeneza hiki, tengeneza kile. Agizo likishatekelezwa lazima liharibiwe, la sivyo seli itaendelea kutii maneno ya jana. Kuna viumbe wa seli moja waitwao arkea. Kwenye hadubini utadhani ni bakteria, lakini si bakteria. Kwa hao, kazi ya kuharibu RNA hufanywa na kundi la protini liitwalo eksosomu. Arkea niliyemsoma mimi huishi kwenye chemchemi zinazotokota, zenye asidi na salfa, mahali ambapo mimi au wewe tungechubuka hadi mfupa.

Eksosomu ni pete. Protini sita zimeshikana, mbili mbili, moja inayokata na moja isiyokata, zikipishana mpaka duara lifunge. Juu yake zimekaa nyingine tatu kama kifuniko, nazo ndizo zinazoupokea uzi wa RNA na kuuelekeza. Katikati kuna tundu, na mlango wa tundu ni mwembamba kiasi kwamba uzi uliojikunja haupiti. Lazima unyooke, uingie kwa mkia. Ukishaingia unamenywa kipande kimoja kimoja kuanzia mwisho, na kila kipande kinachong'oka kinabandikwa fosfeti. Pasipo fosfeti pete haimenyi kitu. Nilipenda sana hilo. Katika maisha yangu sikuwa nimeona uharibifu wenye adabu kiasi hicho.

Zile tatu za kwenye pete zisizokata nilizifikiria kupita kiasi. Zimefanana na wenzao, zimekaa kwenye pete ileile, lakini mahali ambapo wenzao wana meno wao hawana. Ukiziondoa, hata zinazokata zinashindwa, kwa sababu pete inavunjika. Kuna wiki nzima niliyokuwa nikilala na kuamka na swali la kama mimi ni wa aina hiyo, na kama ni hivyo, pete yangu ni ipi. Wenzangu walikuwa wanafikiria kazi na ndoa.

Nyumbani ndio walionielewa haraka. Banda la mama liko nyuma ya nyumba, nguzo na bati na turubai upande unakotoka upepo, maana Newala iko juu na mwezi wa saba kule ukungu hauondoki mpaka jua lipande sana. Humo hukaa wanawake sita pamoja na mama, wawili wawili: mmoja anapasua ganda, mwenzake anachokonoa kokwa. Walikuwa wakimwita mama "Mama Profesa" tangu nilipochaguliwa kwenda chuo, na mimi, kwa kuwa mwanamume wa banda lile nilikuwa peke yangu, waliniita mume wao mdogo. Mwaka huu niliporudi kusubiri mahafali, mtani wa mama, Mmakua wa Chiungutwa aliyeolewa Newala, alinikabili kabla sijakaa.

"Profesa, leo utuambie. Huko Dar miaka yote ulikuwa unasoma nini?"

Nikawaeleza. Nikawaambia ni kama ninyi hapa, sita, wawili wawili, mmoja anakata na mwenzake hakati, lakini mkiondoka mmoja kazi inasimama.

"Kwa hiyo wamekusomesha uende ukajue tunavyokaa," alisema mtani. "Si ungeuliza tu? Ningekuambia bure."

Wakacheka. Mmoja akauliza hao wadudu wenyewe wanaishi wapi.

"Kwenye maji yanayochemka," nikasema. "Yana salfa."

"Salfa!" Mtani aliweka chini kipasulio chake. Ilikuwa majira ya kupulizia mikorosho, na asubuhi ile yote harufu ya salfa ilikuwa inatoka mashambani kuja mpaka kwenye vikombe vyetu vya chai. "Basi hao ni Wamakonde. Nani mwingine anakaa ndani ya salfa miezi mitatu na hafi?"

"Wewe Mmakua," mama akamjibu bila kuinua macho, "siku ukifika mbinguni watakurudisha kwa ajili ya mdomo."

Mama alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameshanunua kitenge cha sare kwa wote sita, cha rangi ya bluu chenye maua ya njano, na kilikuwa kwa fundi Masasi kinashonwa. Wangepanda basi pamoja mpaka Dar kuniona nimevaa joho. Wawili kati yao hawakuwahi kuvuka Lindi. Nilikaa kati yao nikichovya vidole kwenye kopo, nami nilikuwa najua kilichokuwa kwenye simu yangu.

Kopo ndilo ninalopaswa kulieleza sasa.

Kila mbanguaji ana kopo lake. Ndani yake kuna majivu yaliyochekechwa vizuri yakakandwa na mafuta ya ufuta, mpaka yakawa kama uji mzito wa kijivu. Unachovya vidole, unasugua, ndipo unagusa korosho. Mafuta ya ganda yanashikwa na majivu kabla hayajafika kwenye ngozi, na kokwa inatoka nyeupe bila doa. Ukisikia vidole vinawaka, unachovya tena. Mtoto aliyekulia bandani hujifunza kuchovya kabla ya kujifunza kuandika, na hawazi anapofanya hivyo.

Mwaka wangu wa pili wa uzamili nilikuja likizo ya Desemba nikamkuta mama mikono imevimba, hawezi kukunja hata kidole kimoja. Kulikuwa na magunia ya watu yaliyokuwa yamepokewa na lazima yabanguliwe. Nilibangua kwa niaba yake tangu siku niliyofika mpaka siku niliyoondoka. Niliporudi Dar ncha za vidole vyangu zilikuwa zinatoka ngozi kama ganda la kitunguu. Mama alikuwa amenitilia kwenye begi kopo dogo, lile la mafuta ya mgando, limejaa majivu yake.

"Upake mpaka upone," aliniambia. "Hospitali watakupa dawa za kupaka za bei, hazifiki hapa."

Katika maabara ya RNA sheria ya kwanza ni glavu. Ngozi ya binadamu hutoa vimeng'enya vinavyokata RNA, na vimeng'enya hivyo ni vigumu kufa, unavichemsha na bado vinafanya kazi. Kidole kimoja kikigusa mahali kinaacha vya kutosha kuharibu kazi ya mwezi. Hilo nilikuwa nalijua. Nililiandika kwa mkono wangu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Siku ya jaribio lenyewe nilikuwa na vichupa vinne. Cha kwanza kilikuwa na RNA peke yake, kikiwa kwenye barafu. Cha pili kilikuwa na RNA, pete na fosfeti. Cha tatu kilikuwa na RNA na pete, bila fosfeti. Cha nne, cha mwisho upande wa kulia, kilikuwa na RNA na fosfeti bila pete, nacho kingepashwa moto sawa na wenzake. Kama pete yangu ni ya kweli, RNA ingepotea kwenye cha pili tu. Kwingine kote ingebaki nzima.

Glavu zilikuwa zinaniunguza. Jasho liliingia kwenye nyama iliyokuwa wazi, na nilipofika kichupa cha tatu machozi yalikuwa yananilengalenga. Nikavua glavu. Kopo lilikuwa kwenye mfuko wa koti langu jeupe la maabara. Nikachovya, nikasugua, nikavaa glavu zilezile, nikaendelea na kichupa cha nne. Sikufikiri. Mimi ambaye hufikiria mara tatu kama nimefunga mlango, ambaye hurudi kutoka stendi kuangalia kama nimezima pasi, jambo lile sikulifikiria hata kidogo. Kwangu vidole vilikuwa vinawaka na mbele yangu kulikuwa na kitu cha thamani cha kugusa. Mtu wa bandani akifika hapo anachovya.

Nilipoipitisha RNA ya kila kichupa kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa ukubwa, na kupiga picha, kichupa cha kwanza kilikuwa na mstari mnene, safi. Cha pili, RNA imekwisha, vimebaki vipande vidogo kabisa chini. Cha tatu, mstari mnene. Cha nne, hakuna kitu. Ukungu tu wa kijivu.

Nilisimama mbele ya picha ile mpaka mlinzi alipokuja kuniambia anafunga. Kichupa kisicho na pete kilikuwa kimeliwa. Maana yake ni kwamba mwenye kuharibu RNA hakuwa lazima pete. Lakini cha tatu kilikuwa kizima! Kama uchafu wangu ungekuwa umeingia kila mahali, cha tatu nacho kingeliwa. Kwa hiyo pengine pete ilifanya kazi kweli kwenye cha pili, na cha nne pekee ndicho kilichoharibiwa na mkono wangu. Pengine. Lakini nilikuwa nimegusa kifuniko cha cha pili baadaye, nilipokuwa navipanga. Sijui ni kwa mkono upi. Nimejaribu kukumbuka ni kwa mkono upi mara nyingi sana hivi kwamba sasa ninayo kumbukumbu ya mikono yote miwili.

Protini ilikuwa imekwisha. Kuisafisha nyingine kungechukua wiki nyingi, na tarehe ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa imekaribia. Nilikuwa na jaribio dogo la awali, la kabla ya likizo, ambalo RNA bila pete ilibaki salama. Nikajiambia ukweli naujua, picha hii tu ndiyo imeharibika pembeni. Nikaikata. Ukikata mstari wa mwisho wa kulia, picha inapendeza sana. Chini yake nikaandika sentensi moja, kwamba RNA isiyo na pete haikuharibika. Msimamizi wangu aliisifu.

Nilitetea tasnifu nikapita, kwa masharti ya kufanya marekebisho madogo. Mengi yalikuwa ya koma na marejeo. La mwisho lilitoka kwa mtahini wa nje: mwanafunzi aweke picha nzima ya jeli, isiyokatwa. Bila marekebisho yote kusainiwa, jina halingeingia kwenye orodha ya mahafali.

Barua yenye sharti hilo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye simu, nikiwa nimekaa bandani Newala, wanawake wakijadili kama Dar kuna baridi na kama wachukue mashuka.

Siku za kuwasilisha marekebisho zilibaki chache. Nilikuwa na njia tatu na nilizipitia kama mtu anayehesabu tasbihi. Ningeweza kuweka picha nzima. Ningeweza kuweka picha nzima ya lile jaribio la awali na kusema ndiyo hii. Mistari yake inafanana, nani angejua? Au ningeweza kunyamaza, nikachelewa, nikaacha jina lianguke lenyewe, nikawaambia watu chuo kimekosea. Njia ya tatu ilinivutia kuliko zote kwa sababu haikutaka nifanye chochote. Kila asubuhi niliamka nimeamua, na chai ikiwa bado ya moto nilikuwa nimeshatengua. Mama aliona sili chakula.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni mawazo ya kazi."

"Kazi itakuja. Kwanza joho."

Alinituma Masasi kuchukua nguo kwa fundi. Nikashuka asubuhi na basi dogo. Barabara inatelemka kutoka uwanda wa juu mpaka unaanza kuona milima ya mawe ya Masasi, na joto linapanda kadiri unavyoshuka. Nguo zilikuwa tayari, sita, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa ukanda wa kitenge kilekile. Fundi alikuwa mzee, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe msomi? Mwambie mama yako nimemwachia nafasi mabegani. Mwenye mtoto wa joho lazima atapiga vigelegele, nguo isije ikapasuka."

Nikashukuru. Nikavuka barabara nikiwa nimepakata furushi lile mpaka kwenye steshenari, kwa sababu fomu ya marekebisho ilitaka kuchapwa, kusainiwa, kisha kupigwa skani na kutumwa. Dada wa pale alikuwa mchangamfu, anatafuna ubuyu. Nikamtumia mafaili kwa simu. Nilikuwa nimemtumia picha zote tatu, iliyokatwa, nzima, na ile ya jaribio la awali, kwa kuwa mpaka dakika ile sikuwa nimechagua. Akazifungua moja moja kwenye kompyuta yake kubwa.

"Kaka, ipi ndiyo ipi?"

Akaikuza ile nzima mpaka ikajaa kioo chote. Kwa mara ya kwanza niliiona ikiwa kubwa vile, mbele ya mtu mwingine, mchana, boda boda zikipita nje. Mistari miwili minene, mmoja uliomegwa, na mwisho wa kulia ule ukungu.

"Hii ya pembeni imefifia," alisema, na kishale chake kikaenda kusimama palepale. "Nikukatie?"

Alisema kwa wema kabisa. Angekata na nisingelipia zaidi. Nilisikia jinsi inavyosikika, kitu nilichokifanya, kikisemwa na mtu anayetafuna ubuyu na asiyeona ndani yake ubaya wowote.

"Usikate," nikasema.

"Itaonekana mbaya."

"Iache hivyohivyo."

Akaituma chuoni pamoja na fomu. Nikamwandikia msimamizi maelezo mafupi, kwamba kichupa cha nne kiliharibika, kwamba nilivua glavu, kwamba nilikuwa na kopo. Nikapanda basi la kurudi Newala na nguo sita mapajani. Nilitarajia kuhisi nimetua mzigo, kama watu wanavyosema. Sikuhisi hivyo. Niliendelea kujiuliza kama ningeweza kumpigia yule dada na kama barua pepe inaweza kurudishwa.

Msimamizi alinipigia siku ya tatu. Nilikuwa nimesimama kando ya kisima cha kuvunia maji ya mvua, mahali ambapo mtandao unashika.

"Kijana, nimesoma mara mbili. Unasema majivu?"

"Ndiyo, profesa. Majivu na mafuta ya ufuta."

"Ndani ya maabara yangu."

"Ndiyo."

Nilisikia nyuma yake ile sauti ya friji kubwa, ambayo niliisikia kila siku kwa miaka miwili.

"Ungeniambia siku ileile tungecheka," alisema. "Tungesafisha protini nyingine, ukarudia, basi. Sasa umeshaandika, umeshatetea, watu wamesaini. Sentensi ile uliyoiandika chini ya picha si kweli. Unanielewa? Siwezi kusaini."

"Naelewa."

"Utarudia jaribio. Lakini muda wako wa usajili umekwisha, itabidi uombe upya, na nafasi ya maabara nimeshampa mwingine. Nitaona. Siahidi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nakushukuru kwa kuniambia. Lakini siwezi kusaini."

Nilifanya lililo sahihi na halikubadilisha kitu. Nimejaribu kutafuta sentensi nyingine ya kuweka hapa, sina. Picha nilikata mimi, na kuirudisha nzima hakukurudisha kilichokuwa ndani ya kichupa.

Mama nilimwambia jioni ileile, jua lingali juu kidogo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Nguo yake ya bluu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma yake.

"Mama, kwenye mahafali sitakuwemo."

Kisu kilisimama. "Umefeli?"

"Sijafeli. Kuna jaribio liliharibika, na mimi nikaandika kama halikuharibika."

"Nani aliliharibu?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kusema umeme. Lakini alikuwa anaitazama mikono yangu, na mtu ambaye ameishi kwa mikono huisoma kuliko uso.

"Ulikuwa unachovya?" aliuliza.

"Nilikuwa nachovya."

"Huko? Katika hiyo mashine yenu?"

"Karibu nayo."

Alimenya mng'oko mmoja mpaka mwisho, akauweka kwenye sufuria. "Kwa hiyo ni majivu yangu."

"Hapana, mama. Ni ngozi. Ngozi ya mtu yeyote ina kitu kinachoharibu ile RNA. Majivu hayana kosa."

Hilo nalo sijui kama ni kweli. Majivu ni alkali, na RNA ikikutana na alkali ndani ya joto huvunjika yenyewe, bila kimeng'enya chochote. Nilifundishwa hivyo muhula wa kwanza. Huenda ngozi yangu haikuwa na habari kabisa, huenda ni lile kopo peke yake. Msimamizi nilimwandikia yote mawili. Mama nilimwambia moja.

Hakulia. Aliingia ndani akatoka na furushi la nguo tano akaenda kuzigawa nyumba kwa nyumba, kwa miguu, kama alivyopanga tangu mwanzo. Niliposema labda angezihifadhi, akasema, "Nguo ikishashonwa haifumuliwi."

Kwa hiyo walizivaa kazini. Sita bluu, maua ya njano, wamekaa duara. Wiki ya kwanza zilikuwa safi na kila mtu alikaa ameinua mikono kama mgonjwa. Wiki ya pili mafuta ya ganda yalianza kuacha madoa meusi kwenye mapaja, na baada ya hapo hakuna aliyejali. Mimi nilikaa nao, kila siku, tangu ukungu mpaka jua kuzama, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa. Niliomba kazi mahali kadhaa. Wote walitaka cheti.

Bado walimwita mama Mama Profesa. Hakuna aliyelibadilisha jina hilo, na kila lilipotamkwa niliona bega lake moja likipanda kidogo, kama mtu aliyetoneshwa kidonda. Mtani ndiye aliyenivunja moyo. Hakunitania tena. Alinipa habari za mvua, aliniuliza kama nimekula, aliniita "mwanangu" kwa upole mkubwa. Mtani akianza kukuonea huruma, ujue kwake wewe ni msiba.

Na kopo. Zamani nikikaa tu, mama alikuwa akilisukuma kopo lake kati yetu, tuchovye wote wawili. Sasa aliliweka upande wake wa pili. Sikujua kama amenikasirikia au analiogopa. Nililifikiria hilo kwa siku nyingi. Ningeweza kusema, "Mama, nipe majivu." Ni maneno matatu. Sikuyasema, na yeye hakunisogezea, nikabangua vidole vikavu msimu wote. Viliwaka, vikababuka, vikakauka. Baadaye viliacha kuniuma.

Mwezi wa kumi na moja, wiki ya mahafali, simu ya mama ilitumbukia kisimani alipokuwa anachota maji. Tuliitoa, tukaifukia kwenye mchele, haikuwaka, na laini nayo haikusoma. Tukaenda kwa wakala yuleyule kuirudisha. Mama alikuwa amevaa nguo ya bluu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpya kuliko nyingine zake.

"Aa, laini ya kijana," alisema wakala. Alinikumbuka. "Weka kidole."

Nikaweka. Taa ikawa nyekundu.

"Futa jasho."

Nikafuta kwenye suruali, nikaweka tena. Nyekundu.

"Kingine."

Niliweka kingine, na kingine, mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto. Wakala aliushika mkono wangu akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vyangu kama mtu anayekagua ubao kama umepigwa randa vizuri.

"Na wewe umebangua," alisema.

Kisha akamtazama mama. "Mama, huna mtoto mwingine?"

Mama alikuwa anautazama mkono wangu ukiwa bado umeshikwa na yule wakala.

"Sina," alisema.